Jibu: Mbari na kabila vina tofauti gani?

Mkuu, umeuliza kama mbari (race, yaani kuwagawa watu kwa rangi ya ngozi na maumbile) imo kwenye damu na kabila ni mila tu. Kwenye damu haimo. Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alichambua vipimo vya damu vya watu wa pande nyingi za dunia, akakuta takriban asilimia 85 ya tofauti za kurithi zimo ndani ya jamii ileile. Kati ya zinazoitwa mbari, ni kama asilimia 6 tu. Kabila nalo si mila tu: mwanaanthropolojia Fredrik Barth alionyesha mwaka 1969 kwamba watu huhama na mila hubadilika, ila mpaka wa “sisi” na “wao” hubaki. Lakini tafadhali usiseme mbari haipo kabisa. Anayenyimwa nyumba ya kupanga kwa ajili ya ngozi yake anaijua vizuri mno.