Maswali ya wasomaji: Injini ya kuweka kwenye bagi kuukuu

SWALI: Ndugu mafundi wa jarida, shikamooni. Nina bagi la pwani, bodi ya faibaglasi juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyokatwa ikafupishwa. Injini yake ya cc 1200 imechoka, inakula oili na mlimani haina nguvu. Fundi mmoja ananishauri nifunge Subaru EJ20, mwingine anasema nitafute Volkswagen 1600. Nimsikilize yupi?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Marahaba. Msikilize wa pili, lakini kabla ya kutoa hela tafuta kwanza kilichoiua hiyo 1200, la sivyo kitaiua na 1600.

Kwenye bagi wauaji ni wawili. Wa kwanza ni mchanga. Fungua chujio la hewa, pitisha kidole mdomoni mwa kabureta. Ukiguswa na chengachenga, ringi na silinda zimesagwa na mchanga. Vile vichujio vidogo vya kung'aa vinavyopendwa kwa urembo havifai ufukweni. Rudisha kile cha asili chenye oili chini, au weka kikubwa cha sponji unachoweza kukifua.

Wa pili ni joto. Injini hii inapoozwa kwa upepo wa feni, na upepo huo unaongozwa na mabati. Ndani ya Beetle kuna chumba chenye mpira pembeni unaotenga hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Bagi halina chumba hicho, na wengi waliolijenga waliyatupa mabati wakidhani ni mzigo. Matokeo yake feni inavuta tena hewa iliyokwisha kupata moto. Hakikisha unayo mabati ya juu ya silinda, yale madogo yanayokaa chini kati ya silinda, sahani za mbele na nyuma zinazoziba pengo, na vizibo vya mpira kwenye waya za plagi. Silinda namba 3 ndiyo huungua kwanza, kwa kuwa kwenye kasha la zamani la feni kipoza oili kimesimama njiani mwa hewa yake. Kuanzia mwaka 1971 kipoza hicho kilitolewa njiani humo na kupewa njia yake yenyewe. Ukiweza kuchagua, chukua injini yenye kasha hilo la baadaye.

Sasa 1600 yenyewe. Ujazo wake halisi ni cc 1,584, pistoni milimita 85.5. Ile yenye silinda hedi za milango miwili ya kuingizia hewa inatoa kama nguvu farasi 50, ya 1200 ilitoa 34. Bagi la namna hii, kwa mtindo alioubuni Bruce Meyers kule California mwaka 1964, ambao baadaye ulijengwa juu ya sakafu ya Beetle iliyokatwa karibu sentimita 36, ni jepesi kiasi kwamba farasi hao 16 wa ziada utawasikia mgongoni. Na inashikwa palepale: bolti nne, spana ya 17.

Usiamini lakini kwamba "Volkswagen ni Volkswagen". Mambo matatu huwaponyoka hata mafundi wazuri.

Flaiwili: za magari ya zamani ya umeme wa volti 6 zina meno 109, za volti 12 zina meno 130 na ni pana zaidi. Flaiwili ya meno 130 ikiingizwa kwenye giaboksi la volti 6 itakwaruza ndani ya kengele, yaani mdomo mpana wa giaboksi unaofunika flaiwili. Hesabu meno, usitegemee mwaka wa gari. Likiwa giaboksi ni la zamani, kengele inasagwa kidogo kwa ndani, na bushi ya stata inabadilishwa ilingane na shafti ya stata mpya.

Beringi ya klachi: magiaboksi ya kuanzia 1971 yana bomba la kuongozea beringi, nayo hutumia sahani ya klachi isiyo na pete katikati. Ya zamani yanahitaji pete. Ukichanganya, beringi inakaa upande na klachi inakufa mapema.

Nati kubwa ya flaiwili, ya milimita 36: inakazwa kwa takriban Nm 300, yaani mpini wa mita moja ukivutwa kwa uzito wa kilo 30. Ikikazwa kwa kubahatisha hulegea, ikatafuna pini za krenki, na hapo krenki imekwisha. Ndani ya nati hiyo kuna beringi ndogo ya sindano, ipake grisi kidogo.

Ukimaliza kufunga: oili lita 2.5 tu, kwani hakuna kichujio isipokuwa wavu. Valvu milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa. Fenibelti ibonyee kama milimita 15 kwa kidole gumba. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, osha wavu, pima valvu upya.

Subaru je? EJ20 ni injini nzuri na vipuri vyake vimejaa, hilo hatubishi. Tatizo ni kwamba hununui injini peke yake. Utahitaji sahani ya kuunganisha na giaboksi, flaiwili iliyotobolewa upya, rejeta na mabomba yake, pampu ya petroli yenye presha ya injeksheni na bomba la kurudishia, kompyuta na nyaya zake zote, na karta ya oili (bakuli la oili chini ya injini) iliyofupishwa, maana ya asili inaning'inia na itagonga jiwe. Kisha gari fupi lenye mkia mzito na nguvu zaidi ya maradufu huinua mbele, na usukani unakuwa wa kubahatisha kwenye mchanga. Breki za ngoma za Beetle nazo hazikukusudiwa kasi hiyo. Gharama ya hayo yote hupita bei ya injini mara kadhaa. Kwa anayesafiri barabara kuu kila wiki tungefikiri tena. Kwa bagi la Kilifi, hapana.

Namba ya injini ikibadilika, peleka taarifa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, irekebishwe kwenye kitabu cha gari.

SWALI: Nimeonyeshwa injini ya 1600 inayodaiwa imefanyiwa ovahoo. Nikague nini bila kuifungua?
Msomaji, Tanga

JIBU: Shika pulii ya krenki kwa mikono miwili, ivute na uisukume kuelekea giaboksi. Mchezo unaokubalika ni milimita 0.07 hadi 0.13, hauonekani kwa macho. Ukisikia "ko, ko", kasha la injini limekwisha, iache. Pima kompresheni: psi 100 hadi 130 ni afya, na silinda zote nne zikaribiane. Soma namba chini ya kiti cha dinamo: D ni 1200, AB ni 1300, AD au AS ni 1600. Herufi zinataja kasha tu, kilichofungwa ndani kinaweza kuwa kingine, na 1300 ya AB kwa nje inafanana kabisa na 1600. Muuzaji akikukataza kuivua hedi moja upime pistoni, bei ishuke.

SWALI: Nina gari la kuunganisha la mtindo wa Lotus Seven, lina injini ya Ford Pinto ya lita 2 na giaboksi la Ford Type 9. Nataka kuweka injini ya Ford Zetec. Itaingia?
Msomaji, Leicester, Uingereza

JIBU: Itaingia, na mbele patakuwa pepesi zaidi. Giaboksi linabaki, kengele yake haibaki, kwa kuwa matundu ya Pinto hayalingani na ya Zetec. Tafuta kengele ya Ford Sierra yenye injini ya CVH ya lita 1.8 au ya aluminiamu inayotengenezwa kwa kazi hiyo. Karta ya oili ni ndefu mno, ifupishwe. Kasha la themostati liko upande wa giaboksi, litagota ukuta wa mbele ya miguu, hivyo nunua lile bapa. Ujazo na namba mpya ya injini vipelekwe DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, pamoja na V5C, yaani cheti cha usajili wa gari.