Dimbwi limekauka, maji yamekwenda wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la nne aliandika kwenye daftari la sayansi: "Jua liliwaka na maji ya dimbwi yakayeyuka." Mwalimu wake akalikata neno "yakayeyuka", juu yake akaandika "yakavukizwa". Mimi nyumbani husema "yakakauka". Tuko watatu na kila mtu ana neno lake. Lipi sahihi? (Mama wa Mbagala, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba, mama. Mwalimu yuko sahihi, nawe hujakosea. Mtoto ndiye aliyeteleza, ila ameteleza pale ambapo hata watu wazima huteleza, na sababu anayo.

Kuyeyuka huanzia kwenye kitu kigumu. Barafu ya ukwaju ikikaa juani inayeyuka, samli inayeyuka kikaangoni, mshumaa ukiwaka nta yake inayeyuka. Maji ya dimbwi ni kimiminika tayari, sasa yayeyuke yawe nini? Lakini wasemaji tumelipeleka neno hili mbali: sukari huyeyuka ndani ya chai, ahadi huyeyuka, mshahara huyeyuka kabla ya katikati ya mwezi. Mtoto aliona maji hayapo, akalishika neno kwa maana hiyo ya kutoweka. Kwenye insha ya hadithi ningemwachia. Kwenye daftari la sayansi, hapana.

Neno lako, kukauka, hueleza kilichobaki: dimbwi limekauka, nguo zimekauka kambani, koo limekauka. Linasema maji yameondoka, halisemi yamekwenda wapi. Kuvukizwa kunajibu hilo, kwa kuwa ndani yake mna mvuke. Nami nakipenda kitenzi hiki kwa ile -w- ya kutendwa: inamdai mtendaji, na mtendaji yupo, ni jua. Ila mtoto asikichanganye na kuchemka. Huku kwetu usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na hakuna dimbwi la Mbagala linalofika huko. Maji huvukizwa hata asubuhi ya baridi ya Julai, kidogo kidogo, kuanzia usoni pake.

Kuganda nako kuna mambo yake. Wengi hudhani ni kazi ya friji tu. Maji huganda kwenye nyuzi 0, lakini mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi, ndiyo maana msimu wa kipupwe unaweza kuyakuta yameganda kwenye chupa, hapa hapa Dar. Damu huganda na maziwa huganda, wala hayakuguswa na baridi. Kwa hiyo kwenye sayansi mtoto amalizie kabisa: "maji yameganda yakawa barafu".

Na kwa kuwa tumefika kwenye barafu: neno hilo lina asili ya Kiajemi, na theluji ni ya Kiarabu. Huko yalikotoka yote mawili hutumika kwa theluji. Sisi tumeyagawia kazi, na naona tumefanya vizuri: theluji ni ile laini inayoanguka kutoka mawinguni, barafu ni ile iliyoshikana ikawa ngumu. Ndiyo maana sifurahii kusikia "theluji ya Kilimanjaro inayeyuka". Theluji huanguka kweli pale Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, lakini hicho ambacho watu wanakililia ni barafu ya miaka mingi. Tena sehemu ya barafu hiyo haiyeyuki hata kidogo. Hewa ya kule ni kavu na jua ni kali, basi barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Mwanao akiulizwa habari za Kibo, aandike "barafu inapungua", kisha aeleze: nyingine huyeyuka ikawa maji, nyingine hugeuka mvuke ingali barafu.