Bonyeza Ctrl+Z kabla hujachagua maktaba ya kiolesura

Kama unataka kutengeneza programu ya kuandikia yenye herufi nzito, orodha, picha na majedwali, usidanganywe na sura ya kisanduku cha maandishi. Nimeifanya kazi hii kwa GTK na Qt, maktaba mbili za kujengea madirisha na vitufe vya programu, na pia ndani ya kivinjari. Herufi nzito utazipata mchana mmoja katika maktaba yoyote. Linalohitaji kuchunguzwa mapema ni jinsi maktaba yenyewe inavyoielewa hati.

Chukua GtkTextView, kisanduku cha maandishi cha GTK. Kwake yeye, hati ni mfuatano mmoja mrefu wa herufi, na mitindo ni lebo zinazowekwa juu ya herufi hizo. Muundo huu umetokana na ule wa Tk, maktaba nyingine ya kiolesura, na kwa kuandikia msimbo ni mzuri mno. GtkSourceView, kisanduku cha kuandikia msimbo, imejengwa juu yake. Ila haujui orodha wala jedwali. Orodha utaiigiza kwa nukta na pambizo, kisha uamue mwenyewe kinachotokea mtu akibonyeza Backspace mwanzoni mwa mstari. Jedwali utalipachika kama wijeti, yaani kipande cha kiolesura kinachojitegemea, na mtumiaji akitaka kuchagua kuanzia aya ya juu yake hadi aya ya chini, maneno yaliyo ndani ya jedwali hayachaguliki pamoja na mengine.

Kutendua, yaani kurudi nyuma hatua kwa hatua kwa Ctrl+Z, ndiko kunakoniuma zaidi. GTK 3 haikuwa nako kabisa katika kisanduku hiki. GTK 4, iliyotoka Desemba 2020, ilikuleta, lakini kunafuatilia maneno tu, si lebo. Mwalimu anayetunga mtihani akifuta kwa bahati mbaya aya yenye herufi nzito, Ctrl+Z itamrudishia maneno makavu. Hiyo ni kazi ya mtu imepotea, na kuiokoa lazima uandike historia yako mwenyewe ya mabadiliko.

Qt iko mbele hapa. QTextDocument, muundo wake wa hati, inazijua aya, orodha, fremu na majedwali, na kutendua kwake kunahusu mitindo pia. Kwa barua, ripoti na mitihani ya kawaida, mimi ningeanza nayo bila kusita. Mipaka yake utaigundua ukihitaji tanbihi chini ya ukurasa, au mtu akibandika maandishi kutoka Word: Qt inasoma sehemu tu ya HTML na CSS, lugha za kurasa za wavuti, na mengine huyatupa.

Kwenye kivinjari kuna contenteditable, sifa ya HTML inayomruhusu mtu kuandika moja kwa moja ndani ya ukurasa, iliyoletwa na Microsoft katika Internet Explorer 5.5 mwaka 2000. Kwa miaka mingi, Enter ileile ilizaa tagi ya HTML ya div kwenye kivinjari kimoja, p kwenye kingine, na br kwenye cha tatu. Ndiyo maana naipenda ProseMirror, maktaba ya kihariri cha wavuti ya Marijn Haverbeke: inatunza hati yake yenyewe yenye kanuni zake, na ukurasa unabaki kuwa onyesho tu. Google Docs walikwenda mbali zaidi, mwaka 2021 wakatangaza kuhamia kuchora kila kitu wenyewe kwenye canvas, turubai ya kuchorea ndani ya ukurasa. Usiwaige kama huna timu kubwa. Ukichora mwenyewe, kishale, kibodi za simu zinazobadilisha neno baada ya kuandikwa, na visoma-skrini vya wasioona vyote vinakuwa mzigo wako.

Kwa hiyo, kabla ya kumwahidi mteja chochote, tengeneza jedwali lenye orodha ndani yake, weka herufi nzito, bandika ukurasa kutoka Word, tendua hatua zote hadi mwanzo, zirudie, hifadhi, fungua upya. Panapokatika, mwonyeshe mteja siku hiyohiyo, bei ikiwa bado inajadiliwa.