Kabla ya kununua renjifainda, pima chumba unachopigia picha

Wiki iliyopita binti mmoja wa Tanga aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nimeweka akiba miezi mitano, nataka kamera ya mkanda, ile ya kulinganisha picha mbili mpaka zinakuwa moja, lenzi yake haitoki. Nichukue Yashica Electro 35 au Canonet QL17? Ipi kali?"

Nikaandika jibu, nikalifuta. Nikaandika jingine, nikalifuta nalo. Kumjibu vizuri kunanirudisha kwenye harusi ambayo mpaka leo sipendi itajwe mbele yangu.

Kamera za namna hiyo ndizo zinaitwa renjifainda, na yangu ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo Electro 35, iliyotoka mwaka 1966. Chuma kitupu, nzito utadhani pasi ya mkaa. Niliinunua kwa sababu ya f/1.7 (ni namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), maana kila niliyemsoma alikuwa anaisifia hiyo f/1.7 jinsi inavyomeza mwanga. Pembeni ya lenzi imeandikwa pia 45mm. Niliiona, nikapita. Nani anasoma namba ya pili?

Binamu yangu akaolewa. Upande wa wanawake, nyumbani kwa shangazi Mji Mkongwe, simu zilikusanywa mlangoni kwenye kikapu, kama ilivyo siku hizi, ili picha za watu wamejipamba zisije zikatembea. Mie nikaruhusiwa na kamera yangu kwa sababu mkanda nausafisha mwenyewe nyumbani na hakuna mwanamume anayeuona. Heshima kubwa hiyo. Nikavimba kichwa.

Sasa anayezijua nyumba zetu za mawe anajua vyumba vyake: virefu, vyembamba. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kukupa ukumbi, kwa hiyo upana wa chumba haufiki hata mita tatu. Bi harusi kaketi ukuta huu, mie mgongo umeganda ukuta ule. Kati yetu mita mbili. Kulia kwake kakaa somo wake, yaani kungwi anayemfunda, mama mtu mzima, kajifunga kanga mpya, ndiye mwenye shughuli hasa. Nikachungulia, nikamwona. Nikalinganisha kile kipande cha manjano katikati mpaka hereni ya bi harusi ikawa moja. Nikapiga. Nikapiga mkanda mzima.

Picha zilipokauka, somo hakuwepo. Palikuwa na mkono. Mkono mmoja wenye hina mbichi umeingia kutoka pembeni, umekaa juu ya goti la bi harusi, hauna mwenyewe. Picha baada ya picha.

Shangazi alizipitia zote, taratibu, halafu akasema, "Mwanangu, hii kamera yako inaogopa watu wazima?" Chumba kizima kikacheka. Imepita miaka sita na bado ananiita "mpiga mikono".

Kosa lilikuwa hivi. Kwenye renjifainda unachungulia dirisha lililo pembeni ya lenzi, na ndani ya dirisha hilo kuna mistari inayong'aa. Kitakachoingia kwenye mkanda ni kilicho ndani ya mistari. Lakini nje ya mistari bado unaona vizuri tu, na ukiwa na haraka au majivuno (mie nilikuwa na vyote viwili) unadhani ulichokiona umekipata.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Picha ya mkanda wa kawaida ina upana wa milimita 36. Chukua umbali uliosimama, zidisha kwa 36, gawa kwa ile namba ya pili ya lenzi, ya milimita. Kwa mita mbili, lenzi ya 45 inakupa upana wa mita 1.6. Ya 40 inakupa 1.8. Ya 35 inakupa mita mbili na kidogo. Nusu mita hiyo ndiyo somo wa watu. Na ukiigeuza kamera wima, ndani ya mita 1.6 mtu mzima aliyesimama na viatu vya harusi haingii. Utachagua kumkata miguu au kilemba.

Kwa hiyo nikaiuza nikaanza kutafuta lenzi ya 35 (ile 35 ya kwenye majina ya kamera ni mkanda, si lenzi), na hapo utajua ni chache. Canonet QL17, ile ya GIII, ni 40mm. Olympus 35 RC ni 42mm. Konica Auto S3 inafika 38mm. Zenye 35 kamili nilizozitafuta mie ni mbili: Yashica Electro 35 CC, f/1.8, na Olympus XA ya mwaka 1979, f/2.8, aliyoibuni Yoshihisa Maitani, ndogo hata kwenye pochi ya harusi inaingia. Kuna na Fuji GSW690, nayo inaona kwa upana, kwa wenye uwezo, lakini ile ni tofali: inakula mkanda mpana wa 120, picha nane umemaliza, na mita ya mwanga haina.

Nikachukua CC. Muuzaji aliandika "safi kabisa", mie nikaamini kama mtoto. Picha zikatoka kama zimepigwa ndani ya moshi wa udi. Kumulika tochi ndani ya lenzi, kuvu imetanda kama utando wa buibui. Mulikeni tochi kabla ya kulipa, jamani. Pwani hii kuvu haihitaji kusaidiwa.

XA ndiyo ninayo mpaka leo. Mwanga wake mdogo nimeuzoea: kipimo cha wepesi wa mkanda kunasa mwanga naweka 800, nasogea karibu na dirisha, halafu mkanda nauongezea muda kwenye dawa. (Dawa inataka nyuzi 20 na maji yetu ya bomba ni ya moto, kwa hiyo barafu ya shangazi ndiyo inayonisaidia.) Mwaka jana kaolewa mdogo wake yule binamu, chumba kile kile, ukuta ule ule. Somo yumo. Hereni zake zote mbili zimo, na kikombe chake cha kahawa kimo. Shangazi kaitundika sebuleni juu ya televisheni, hajasema kitu, na mie sijauliza.

Ndugu zangu, tunapenda sana kununua sifa. Tunauliza ipi kali kabla ya kuuliza mie nasimama wapi ninapopiga. Lenzi hii haitoki! Ukikosea umekosea na kamera nzima. Chukua futi, pima chumba.

Haya yote nikamwandikia binti wa Tanga, marefu kuliko hapa, na hesabu ndani. Akajibu: "Asante dada. Ila mie napiga majahazi, nasimama ufukweni."

Sikuwa nimemuuliza.

Basi chukua Yashica, nikamwambia, hiyo 45 itakufaa. Kuna kimpira humo ndani huwa kinaoza, shata, ile inayofungua na kufunga mwanga, inaanza kuchanganyikiwa. Vuta mkono wa kusogeza mkanda usikilize; ikiwa nzima, mwishoni itagonga "tok".

Jana usiku kanitumia sauti ya sekunde tatu. Kelele za barabarani, mkono unavutwa, kimya kidogo, halafu tok.