Tangi nusu kusukuma gari mbele

Umeuliza kwa nini lori la tangi lililojaa nusu linakusukuma mbele hata likishasimama. Ni wimbi. Ukikanyaga breki, mzigo unakimbilia kichwa cha tangi, unagonga, unarudi nyuma, kisha unakuja tena. Kwa hiyo usiachie breki gari likisimama tu kwenye mataa. Shikilia mpaka mtikiso utulie, la sivyo litakuingiza makutano bila kutaka.

Matangi ya maziwa kwa kawaida hayana kuta za ndani zenye matundu, maana kuziosha ni kazi, na humo wimbi ni kali zaidi. Hata hizo kuta huvunja wimbi la mbele na nyuma tu. La ubavuni linabaki, na hilo ndilo linalopindua gari. Punguza mwendo kabla ya kona, si ukiwa ndani yake!

Kama tangi lina vyumba, jaza vichache hadi kiwango chake, vingine viache vitupu, ila angalia uzito wa kila ekseli. Wala usijaze hadi mdomoni: petroli hutanuka takriban asilimia 1 joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi.