Jibu: Kupiga hema bure West Highland Way

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, upo Glasgow masomoni, unataka kutembea West Highland Way, ile njia ndefu ya miguu ya Uskoti, hadi Fort William, kilomita 154, bei za hosteli zimekushinda na unaogopa kufukuzwa ukilala kwenye hema.

Uskoti hufukuzwi. Sheria ya ardhi ya 2003 inaruhusu kupiga hema sehemu nyingi za wazi, ilimradi ukae mbali na nyumba, barabara na mashamba yenye mazao au mifugo, na uondoke bila kuacha takataka.

Cha kuangalia kwanza ni tarehe. Kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba, baadhi ya maeneo ya mashariki mwa Loch Lomond, ziwa ambalo njia inapita kando yake, yanahitaji kibali cha kupiga hema. Unakikata kwenye tovuti ya hifadhi ya taifa ya Loch Lomond, na ramani ya maeneo hayo ipo hapo hapo. Ukishapita kijiji cha Rowardennan kuna vibanda vya mawe, Rowchoish na Doune Byre. Kulala ni bure, ila umeme hakuna, godoro hakuna, na huwezi kuweka nafasi, kwa hiyo beba hema hata hivyo.

Usubi ndio adui halisi, kuliko hata mvua. Juni hadi Agosti wanauma vibaya sana jioni, hasa pasipo upepo. Mimi ningeenda Aprili au mwanzoni mwa Mei, na chandarua cha kichwa bado ningebeba. Nguo za kulalia zifunge kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi zisilowe, na zisiguswe mchana.

Unaondoka mwezi gani?