Kwa nini bado tunamtazama Anna May Wong

Katika safu iliyopita niliandika mistari michache juu ya Anna May Wong, mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya China aliyeng'ara enzi za filamu bubu. Maswali yamekuja mengi. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na haya ndiyo niliyoweza kuyajibu leo.

Filamu zake zina karibu miaka mia moja, hazina sauti, hazina rangi. Mtu wa leo atazame nini humo? (Msomaji, Morogoro)

Tuanze na rangi, maana moja inayo. *The Toll of the Sea* ya mwaka 1922 ilipigwa kwa Technicolor ya awali, teknolojia ya filamu za rangi iliyotumia nyekundu na kijani tu, na ni miongoni mwa filamu ndefu za mwanzo kabisa za aina hiyo. Anna May alikuwa na miaka 17, na ndiyo mara ya kwanza kupewa nafasi ya mhusika mkuu. Anacheza msichana wa China anayemwokoa Mmarekani aliyetupwa ufukweni na bahari. Wanaoana kwa mila za huko, mwanamume anarudi kwao peke yake, mtoto anazaliwa, na baada ya miaka baba anatokea akiwa na mke wa Kizungu.

Sasa mtazame anapomtoa mwanawe. Anamwambia mtoto kwamba yule mgeni ndiye mama yake mzazi, na kwamba yeye alikuwa yaya tu. Waigizaji wengi wa zama zile wangerusha mikono na kujipiga kifua. Yeye anatulia. Anajikaza kwa ajili ya mtoto, na machozi yanamtoka huku mwili haujasogea. Mtoto hajui kinachofichwa, wewe unakijua, na huwezi kumsaidia yeyote kati yao. Hapo ndipo penye siri yake, kwa maoni yangu. Anayemwaga kila kitu mbele ya kamera anamwacha mtazamaji bila kazi. Anna May anazuia, nawe unalazimika kumtafuta usoni mwake. Kutafuta huko hakuchuji kwa miaka.

Kwa wapenzi wa mambo ya kale niongeze hili: sehemu ya mwisho ya filamu hiyo ilikuwa imepotea. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilipoirejesha mwaka 1985, picha za bahari za kufungia zilipigwa upya kwa kamera ya zamani ya rangi mbili ili zifanane na nyingine. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa.

Nianze na filamu gani? (Msomaji, Mombasa)

*Piccadilly*, iliyotengenezwa Uingereza na kuongozwa na E. A. Dupont, Mjerumani. Ilitoka mwaka 1929, filamu bubu zikiwa zinakaribia mwisho wake, na ndiyo ya mwisho ya aina hiyo kwa Anna May. Anacheza Shosho, mwosha vyombo kwenye klabu ya usiku ya kifahari London. Mteja mmoja analalamikia sahani chafu (huyo ni Charles Laughton, kabla hajawa mtu mashuhuri), bosi anashuka kwenda kuuliza kulikoni, na huko chini anamkuta Shosho anacheza juu ya meza huku wenzake wakimtazama na kazi imesimama.

Hachezi kwa fujo. Anajizungusha polepole kana kwamba hakuna aliyeingia. Nyota rasmi wa filamu hiyo alikuwa Gilda Gray, na jina lake ndilo lililotangulia kwenye matangazo. Ukimaliza kuitazama utaniambia ni nani uliyemkumbuka. Mimi humfuata Shosho hata anapokuwa pembeni kabisa ya picha, kwa sababu anasikiliza. Mwigizaji anayesikiliza wakati mwingine anasema ni mtu adimu hata leo, na kwenye filamu bubu kusikiliza kunaonekana kwa macho.

Je, ni kweli sauti ndiyo iliyomwangusha, kama ilivyowaangusha wengine filamu zilipoanza kusema? (Msomaji, Dodoma)

Hapana, na naomba tuache kulirudia hilo. Mwaka 1929 alipanda jukwaani London katika mchezo wa kuigiza pamoja na mwigizaji Mwingereza Laurence Olivier, wakati huo kijana, na wahakiki waliponda lafudhi yake ya Kimarekani. Alifanya nini? Alitafuta mwalimu wa matamshi, akajifunza. Mwaka 1932 yuko kwenye filamu *Shanghai Express* na nyota Marlene Dietrich, anasema maneno machache kwa sauti nzito iliyotulia, na hakuna anayemfunika.

Kilichomzuia ni rangi yake. California ilikuwa na sheria iliyokataza ndoa kati ya Mzungu na mtu wa asili ya Kichina, na kanuni za maadili za Hollywood zilibana mapenzi ya watu wa rangi tofauti kwenye skrini. Matokeo yake ni hesabu ya kikatili. Mwanamume mkuu karibu siku zote ni Mzungu. Kama Anna May hawezi kuonyeshwa akipendwa naye mpaka mwisho, basi Anna May hawezi kuwa mwanamke mkuu, au lazima afe kabla hadithi haijaisha. Ndiyo maana alikufa katika filamu nyingi kiasi hicho.

Kibaya zaidi kilikuja na *The Good Earth* ya mwaka 1937, hadithi ya wakulima wa China. Nafasi ya mume alipewa Paul Muni, Mzungu aliyepakwa vipodozi. Kwa hiyo mke naye ilibidi awe Mzungu, na Luise Rainer akaichukua nafasi hiyo na kushinda nayo Oscar. Anna May alifikiriwa kwa Lotus, yule mke mdogo anayeivuruga nyumba. Alikataa kuwa mtu mbaya pekee kwenye hadithi ya watu wake mwenyewe. Linaniuma mpaka leo.

Jina lake halisi lilikuwa nani? (Msomaji, Bujumbura)

Wong Liu Tsong. Alizaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905, na baba yake alikuwa dobi.

Shikamoo mama. Rafiki yangu anasema Wachina wenyewe walimchukia kwa kucheza vijakazi na wanawake waovu. Kwa nini tumsifu? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Rafiki yako hajakosea. Anna May alipokwenda China mwaka 1936, alilaumiwa hadharani kwa nafasi alizocheza, na lawama hizo zilikuwa na msingi, kwa kuwa picha zile zilisafiri dunia nzima zikieneza uongo juu ya Wachina.

Ila tumtendee haki. Hadithi hakuandika yeye. Mwaka 1928 alihamia Ulaya kwa sababu alichoshwa na nafasi zile zile, na Berlin wakampa nafasi kuu aliyonyimwa nyumbani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ujira wake wa filamu mbili za mwaka 1942 aliutoa kusaidia waathirika China. Na ndani ya nafasi mbovu alizopewa, aliweka mtu. Kijakazi wa kwenye karatasi ni kijakazi tu. Anna May akimcheza, unaona mwanamke mwenye akili anayepima kila aliyemo chumbani. Simsifu kwa nafasi hizo. Namsifu kwa jinsi alivyozishinda.

Naweza kuzitazama wapi? (Msomaji, Nairobi)

*The Toll of the Sea* haina tena haki miliki Marekani, kwa hiyo inapatikana bure kwenye intaneti. Tafuta nakala iliyorejeshwa, yenye muziki, na isiyokimbizwa. Nakala nyingi za filamu bubu zinachezeshwa kwa kasi isiyo yake na watu wanaonekana kama wanakurupuka. *Piccadilly* nayo imerejeshwa vizuri na Waingereza. Na kama una saa mbili na nusu, ongeza *The Thief of Bagdad* ya mwaka 1924: humo Anna May ni mtumwa wa Kimongoli anayempeleleza binti mfalme, na anaonekana kwa dakika chache tu, kwa hiyo usiondoke mbele ya skrini.